Kanga Iliyokwenda Jedda

Nilipokuwa mtoto, mwanamke mmoja wa Jedda ambaye hakuwahi kutuona alishika kanga iliyofuliwa, kisha akauliza habari za pete. Mgonjwa alikuwa kwetu, Riyadh. Pete ile ilikuwepo kweli. Alijuaje? Nimekuwa mtu mzima, nimesoma vitabu vingi, na sijui.

Tulikaa Al-Shumaisi, juu ya duka la mikate. Baba alikuwa fundi wa eksirei hospitalini. Mkataba wake ndio uliotutoa Unguja. Mdogo wake mama, Zainabu, alikuwa mtumishi wa ndani katika jumba moja kule Al-Malqa, mtaa wa matajiri, na baba ndiye aliyemtafutia kazi kwa mwenye jumba, kafili wake, yaani mdhamini aliyeshika paspoti yake. Ijumaa aliruhusiwa kuja kwetu. Akaanza kuja na alama za buluu mabegani na mapajani, na Ijumaa moja akaja sikio linavuja damu.

Kwetu, mtu akiamka na alama asizojua zilikotoka, husemwa amepigwa kofi na jini. Mama alipomuuliza, Zainabu aliitikia haraka, kama aliyekuwa akisubiri apewe neno la kusema.

"Ndiyo, dada. Nyumba ile ina jini."

Ikawa ni jini. Ukimgusa begani alipiga ukelele, na hilo nalo tukaliona dalili. Baada ya sala ya Ijumaa baba akavua mkanda. Mama alimkalia dada yake miguuni; mimi nilishika chetezo cha ubani, na moshi ukanichoma macho.

"Shemeji, hupigwi wewe," baba alisema kwa upole. "Anapigwa yeye."

Akampiga mgongoni. Zainabu akajipindua, akamng'ata mkono, hakuuachia mpaka damu ikamtiririka baba hadi kwenye kiwiko.

"Jina lako nani?" baba alimuuliza jini.

"Zainabu."

"Muongo." Akampiga tena. "Jina lako nani?"

"Zainabu, shemeji. Mimi Zainabu."

Baba alikuwa analia. Watu wakinisikia nikisimulia humwona katili, lakini mimi namkumbuka alivyokuwa akijifuta machozi kwa mkono uleule ulioshika mkanda. Aliamini kwamba mwenye mwili hasikii maumivu. Mchana kutwa alitazama mifupa ya watu kwenye picha, na bado aliamini. Sijaona kwamba mambo hayo mawili hayawezi kukaa ndani ya mtu mmoja.

Jini hakutoka. Jioni Zainabu alirudishwa Al-Malqa, na mama akaamua kumtafuta Bi Rukia.

Bi Rukia alikuwa Mpemba aliyeuza udi Jedda, na alitibu watu asiowaona. Desturi yake ilikuwa moja: umpelekee kanga aliyolalia mgonjwa, isiguswe na maji. Mama hakuweza. "Nimpelekee mtu nguo ya jasho na damu? Atasema sisi ni watu gani?" Akaifua, akaianika, akaifukiza udi, akampa jirani aliyekuwa anakwenda Umra. Jirani huyo hakuambiwa lolote.

Baadaye nimesoma kwamba matabibu wa zamani waliletewa mkojo wa mgonjwa ndani ya chupa kutoka mji mwingine, nao wakajibu kwa barua. Huwa najiuliza kama walisoma ile chupa au uso wa aliyeileta.

Bi Rukia alipiga simu Ijumaa iliyofuata, Zainabu akiwa kwetu, amekaa chini pembeni ya ukuta. Baba akabonyeza spika.

"Nani kaifua kanga hii?"

"Mimi, Bi Rukia. Shikamoo."

"Marahaba. Umeniletea nguo ya bibi harusi. Ungetia na hina kabisa." Akakohoa. "Mumeo yupo?"

"Nipo, Bi Rukia," baba akasema.

"Mgonjwa unampiga?"

"Nampiga jini."

"Na huko kazini kwake, wanampiga nani?"

Baba akaisogeza simu karibu na Zainabu.

"Mwanangu unayeumwa," sauti ikaendelea, "mwenye pete ni nani?"

Zainabu alijishika sikio.

"Kijana wa bosi, mwanawe. Ananipiga nayo," akasema.

Bi Rukia hakushangaa hata kidogo. "Sina kombe la kumwandikia anywe. Harudi kule. Na paspoti yake akaichukue huyo aliyempiga hapo, kwa mkono uleule. Basi, halas."

Simu ikakatika.

"Kafili yule ananijua," baba akasema. "Akinishtaki, ikama yangu imekwisha, sina tena kibali cha kukaa. Sote tunarudi."

Mama aliuleta ule mkanda akamwekea mapajani. "Dawa ndiyo hiyo, Baba Salma."

Baba akaenda Al-Malqa, akarudi kabla ya Isha. Kanzu ilikuwa imechanika begani, mdomo umepasuka, jino moja halipo, na shavuni palikuwa na mkato mdogo wa duara. Akatoa paspoti kiunoni, akamkabidhi Zainabu kwa mikono miwili.

"Jini wa kule ana nguvu, shemeji," akasema.

Zainabu akacheka kwanza, halafu akalia, na baba naye. Ilichukua muda na aibu nyingi ubalozini kabla Zainabu hajaruhusiwa kuondoka nchini, lakini Al-Malqa hakukanyaga tena.

Siku hizi sihangaiki sana na ile pete. Dawa iliamuliwa Jedda na mwanamke aliyenyimwa hata jasho la mgonjwa, na aliyeipeleka mpaka langoni ni baba yangu, kwa mkono uliokuwa bado na alama za meno ya Zainabu.