Telma Anatafuta Mashine ya Kufyonza Vumbi

Telma Adelino alikuwa fundi cherehani wa Mtawanya, mshonaji wa sare za shule na magauni ya harusi. Sebule yake ndiyo ilikuwa chumba cha kazi. Mama yake, Conceicao, alihamia kwake kutoka Mahurunga baada ya kuanza kuugua pumu, ili awe karibu na kliniki. Dawa alizipata, lakini kifua kikazidi kumbana. Kila asubuhi Telma akishika ufagio, mama alitoka nje akikohoa, akakaa barazani mpaka vumbi litulie.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeuliza habari za nyumba. Alipoambiwa kuhusu vitambaa na nyuzi, alimweleza Telma kwamba ufagio hauondoi vumbi la namna hiyo, unalirusha tu hewani. Apige deki, na akiweza atafute mashine ya kufyonza vumbi. Siku hiyo hiyo Telma aliondoa zulia, akapiga deki. Lakini nyuzi zilipolowa zilijiviringa zikanata sakafuni, na zile za kwenye makochi na godoro zikabaki palepale.

Mama akaona anamtaabisha mwanawe. Jioni moja wakila ugali wa muhogo, alisema, "Nirudishe Mahurunga, mwanangu. Kule sakafu ni udongo, tunanyunyiza maji, basi. Sitaki uache cherehani kwa ajili yangu."

 Kutoka kule kliniki ilikuwa mbali, na Telma alijua mama hatanii.

Kesho yake alikwenda kwa Mikaeli, fundi wa vifaa vya umeme aliyezoea kumtengenezea mota ya cherehani. Kwenye kibanda chake palikuwa na mashine nne za kufyonza vumbi, zote zimekufa. Mikaeli alimweleza jinsi kila moja ilivyokufa. Moja mpira wake wa kufyonzea ulipasuka na mwingine haukupatikana. Nyingine mota iliungua kwa sababu chujio liliziba na mwenyewe hakujua kwamba husafishwa. Mbili zilitumia mifuko ya karatasi ambayo hata mjini haiuzwi.

"Usidanganyike na wati zilizoandikwa kwenye boksi, dada," alimwambia. "Nunua ile ambayo vipuri vyake unaviona dukani kwa macho yako. Halafu uangalie nyuma inatoa nini."

Neno hilo la mwisho halikumtoka Telma kichwani. Alikusanya takataka za chini ya cherehani kwenye mfuko, akakata kipande cha kitambaa cheusi, akaenda mjini.

Katika duka la kwanza muuzaji alimsifia mashine nyekundu ya bei nafuu, lakini alikataa isijaribiwe. Telma akashukuru, akatoka. Duka la pili lilikuwa la Bi Latifa, mama wa makamo aliyekuwa na mashine za kuonyeshea wateja. Alishangaa kumwona mteja akimwaga takataka kwenye sakafu yake safi, ila hakumzuia.

Telma alianza na nyekundu kama ile ya duka la kwanza. Ilifyonza vizuri, nyuzi zote zikapotea. Kisha akashika kitambaa cheusi mbele ya matundu ya kutolea hewa. Kikageuka cheupe kama kimepakwa unga. Vumbi lilikuwa likiingia mbele na kutokea nyuma. Bi Latifa akasogea, akakigusa kwa kidole, akakiri kwamba siku zote ameziuza bila kujua.

Ya pili ilikuwa pipa fupi la chuma, zito, lenye kelele. Kitambaa kilibaki cheusi. Telma akalifungua, akatoa chujio, akalipindua na kukagua mshono wake kama anavyokagua gauni la bibi harusi. Lilikuwa la kufuliwa, na mengine ya akiba yalining'inia ukutani pamoja na mipira. Bei yake ilikaribia mara mbili ya ile nyekundu. Fedha hizo alizitunza kwa ajili ya mashine ya overloki, ya kushonea kingo za nguo zisifumuke, na akasimama kidogo.

"Ni ya ofisini?" Bi Latifa aliuliza.

"Ni ya mama yangu," alisema Telma, akafungua pochi.

Siku ya kwanza mama alipelekwa kwa jirani huku Telma akifyonza godoro, makochi, mpaka nyufa za sakafu. Aliporudi alilala mchana kutwa bila kukohoa. Pumu haikuisha, siku za upepo wa kiangazi bado alivuta dawa. Ila wiki ya tatu aliweza kukaa ndani wakati wa usafi, akilalamikia kelele tu, na habari za Mahurunga hakuzitaja tena.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Conceicao alivuta kiti mpaka karibu na cherehani, akaomba sindano. Sare thelathini zilikuwa zikisubiri vifungo.