Jua Lililonguruma Ndani ya Ukungu

Walisema nitaishia kuuza chaja za simu stendi ya Makambako. Walisema stashahada yangu ya mawasiliano itafaa kufungia maandazi. Baba mdogo, mwenye lori la mbao, alitangaza mbele ya watu waliotoka ibadani kwamba anayesikiliza jua hajakosa kazi, amekosa akili. Naandika haya mimi, Yakobi, na kifaa changu kinalisikiliza jua hadi leo.

Niliporudi kutoka Dar es Salaam sikuwa na mtaji ila kichwa. Vingine niliazima. Fundi wa kuchomelea wa Makambako alinipa waya, seremala jirani nguzo za mlingoti, baba mdogo betri ya akiba ya lori. Nikasimamisha antena kilimani nyuma ya nyumba ya mama, nikaiunganisha na kompyuta kuukuu. Jua likilipuka hutoa mawimbi ya redio, nayo yakiwa makali huvuruga vifaa vinavyotegemea setilaiti. Nilitunga programu ya kuyatambua yenyewe. Niliifundisha kutenganisha mlio wa jua, unaoanzia masafa ya juu na kuteleza kwenda chini, na kelele za bodaboda na mashine za kuchana mbao. Njombe nzima hakuna aliyenishika mkono katika hilo, wala sioni haya kulisema.

Baba mdogo alikuwa na sharti: siku ya ukungu betri irudi kwake. Kwetu ukungu ukitanda husemwa jua halipo, hivyo kwake kifaa hakikuwa na kazi. Nilimweleza mara nyingi kwamba mawimbi hupenya ukungu. Alinitazama kama mgonjwa.

Siku moja ya baridi ukungu ulishuka hata kuku hawakutoka bandani. Mchana ulifika, nyumba ya jirani bado haikuonekana. Baba mdogo akatokea mlangoni ghafla, koti likidondosha maji. Alikuja kuchukua betri kabla ya kwenda Kifanya, ambako mpimaji alikuwa akipima kwa kifaa cha setilaiti mpaka wa shamba lake la miti. Mpaka huo ulikuwa umewagombanisha yeye na jirani yake kwa miaka mingi, na mchana ule vigingi vya zege vingezikwa. Vikizikwa vibaya, miti aliyoipanda babu ingekuwa mali ya mtu mwingine.

"Kamwene, mwanasayansi," alinisalimia. "Leo jua halipo. Fungua waya."

Niliinama kufungua. Hapo spika ikaanza. Kwanza ilikuwa kama mtu anavuta pumzi chumba cha pili. Kisha sauti ikajaa, kama mvua ya mawe juu ya bati, na juu ya bati hapakuwa na kitu. Mbwa alijikunja chini ya meza. Kwenye kompyuta mstari uliinama kutoka juu kwenda chini, halafu kioo chote kikawa cheupe, na programu ikaandika neno moja: TAHADHARI.

Baba mdogo alitazama dari, kisha dirisha ambalo nalo lilikuwa jeupe.

"Nani huyo?"

"Jua, baba mdogo. Mpigie mpimaji, asizike kigingi."

Hakubisha. Alitoa simu, akapiga. Mpimaji alipopokea, alizungumza taratibu, kama anayeogopa kusikiwa na kitu kilicho karibu.

"Nilitaka kukupigia, mzee. Nimesimama palepale, lakini kifaa kinasema natembea. Kinasema nimeshaingia kwa jirani yako."

Tulibaki kwenye simu, sisi huku na yeye kule, hadi mngurumo ulipofifia kama mtu anayeondoka bila kufunga mlango. Betri haikufunguliwa. Kesho yake mpimaji alipima upya, na vigingi vikaangukia kwenye mawe ya mpaka aliyoyaweka babu.

Mpimaji huyo ndiye aliyenitangaza. Sasa wapimaji wa Njombe na Makambako hulipia tahadhari zangu, na wale waliozungumzia maandazi hunisalimia kwa kuvua kofia. Nilinunua vifaa vyangu vyote, kisha nikakodi pikapu kuwarudishia walioniazima. Fundi alipata waya wake, seremala nguzo zake. Nilimaliza kwa baba mdogo, na ukungu ulikuwa umetanda.

Nilimwekea betri mezani. Hakuigusa. Aliinamisha kichwa kuelekea dirishani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama huko juu jua limeamka.

"Leo limetulia," nikamwambia.

Ndipo akaibeba.