Bwana Usafi na Kilima cha Mchanga

Kilima kile cha mchanga kilikuwa mbali kabisa na bahari yoyote, kimekaa katikati ya nchi kavu kama mgeni aliyepotea njia akaona haya kuuliza. Serikali ilikizungushia uzio kwa sababu mimea yake haioti kwingine, na vitwitwi, wale ndege wadogo wenye miguu mirefu, hutaga mayai yao papo hapo mchangani. Hazina hiyo ikakabidhiwa kwa Bwana Usafi aichunge.

Jina hilo alibandikwa na shemeji yake, wala halikuwa sifa. Mtu huyu aliwahi kufagia uwanja wa jirani bila kuombwa, kisha akamnunia jirani kwa kutoshukuru. Kwake, jani lililoanguka lilikuwa utovu wa nidhamu.

Siku moja bosi wake akapiga simu. "Wataalamu wanakuja Alhamisi kuamua kama kilima kiendelee kulindwa au wakiachie malori ya mchanga. Kiwe tayari!"

Kiwe tayari! Bwana Usafi alisubiri neno hilo maisha yake yote. Aling'oa majani yanayotambaa, akang'oa vichaka vya miiba, akapiga reki toka kileleni hadi chini, mchanga ukanyooka kama shati lililopigwa pasi. Mawe akayapaka chokaa. Alihifadhi kwa bidii hadi kukawa hakuna cha kuhifadhi.

Mkewe alipomletea chakula, alishika kiuno. "Baba watoto, na ndege watakaa wapi?"

"Ndege wana mabawa, watajijua."

"Na mayai nayo yana mabawa?"

"Mama watoto, usinivuruge!"

Mteremko wa nyuma ya choo tu ndio uliomshinda, mgongo uligoma. Kwa aibu, akatundika turubai kuuficha.

Alhamisi, kiongozi wa wataalamu, mama mmoja wa miwani, aliitazama ile mistari ya reki kwa muda mrefu.

"Mimea iko wapi?"

"Nimeimaliza yote, mama," Bwana Usafi akajibu, kifua mbele. "Hata mzizi haukusalia."

Bosi, aliyekuja nao, akafumba macho. Mama yule alikuwa keshageuka kurudi garini ndege alipolia nyuma ya turubai. Mama akalivuta.

"Huko bado hakujasafishwa, mama! Niwie radhi!"

Majani yalikuwepo, miiba ilikuwepo, na kitwitwi amelalia mayai, akiwakodolea macho.

Kilima kiliponea hapo. Mimea itaenea tena, walisema wataalamu, mradi isiguswe. Bosi aliipakia reki garini kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa kazi ya Bwana Usafi ni kukaa kwenye kiti. Upepo humwaga majani makavu miguuni pake, naye huikalia mikono yake isije ikamponza. Hajawahi kuwa na manufaa kiasi hiki.

"Vipi, shemeji," shemeji yake humwita akipita nje ya uzio, "leo umeacha uchafu wa kutosha?"