Jiko la Julai

Sweta iliyonyeshewa ikianikwa karibu na moto hutoa harufu ya kondoo, hata kama uzi wake ulitoka kiwandani na haujawahi kukutana na kondoo yeyote. Juzi harufu hiyo ilinifikia nikiwa mezani nikiandika, kofia ya kufuma kichwani na soksi mbili mbili miguuni, kama tunavyoishi sisi watu wa Eldoret mwezi wa saba. Mwanangu alikuwa ametoka shule amelowa chapachapa, akatundika sweta yake kwenye kiti karibu na jiko la gesi. Kabla sijajua ninafanya nini, nilikuwa nimeinuka na kufungua madirisha yote ya nyumba. Mwanangu akaniuliza kama nimeanza kuzeeka. Niwaambie ukweli, wakati ule sikuwa kwangu tena. Nilikuwa West Indies, mtaa wa hapahapa Eldoret, kwenye chumba chetu cha ploti, zile nyumba za kupanga za chumba kimoja kimoja zenye ua mmoja, mtoto wa darasa la nne.

Kule nyumbani Julai haikuja polepole. Siku moja unaamka, unatoa mguu nje ya blanketi, unaurudisha. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala uani, kamba ya nguo haionekani, na alasiri mvua ya mawe iligonga mabati mpaka watu wawili waliokaa kitanda kimoja wakawa wanaongea kwa ishara. Baba alikuwa dereva wa lori la mzee mmoja Msomali aliyepeleka mizigo kaskazini, kwa hiyo alikuwa anatupigia simu kutoka mahali pa joto na kutuuliza kwa nini tunalalamika. Nyumbani tulibaki mimi, Mama, na mdogo wangu Simiyu, ambaye alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Mama alikuwa fundi wa sweta za shule. Mashine yake ya kufumia ilikaa mezani karibu na dirisha, na sauti yake, kwacha, kwacha, ndiyo iliyokuwa saa yetu ya ukutani. Ukiingia getini ukiisikia, unajua Mama yuko na mambo ni sawa. Julai ndiyo iliyokuwa na kazi nyingi, na Julai hiyohiyo ndiyo iliyoharibu kazi. Vidole vikishikwa na baridi, kitanzi kimoja kinaponyoka bila wewe kujua, na kesho mwalimu mkuu anakurudishia sweta yenye mstari wa matundu kutoka kwapani hadi kiunoni. Ndiyo maana chumba chetu kilipashwa joto kama cha vifaranga. Mama alijaza mabaki ya nyuzi kwenye mifuko, akaziba nayo kila mwanya wa dirisha. Chini ya mlango aliviringisha gunia. Halafu akaingiza jiko.

Na hapo pana jambo ambalo lazima niwaeleze vizuri, kwa sababu lilitaka kutuua. Mama hakuwa mzembe. Hakuna mama wa ploti ile aliyekuwa mzembe na jiko. Makaa yaliwashwa nje, kwenye veranda, yakapepewa kwa kifuniko cha sufuria. Ulingoja moshi uishe wote, makaa yawe mekundu na juu yake kijivu chepesi. Hapo ndipo jiko liliingia ndani. Mtu akionekana kuingiza jiko ambalo bado linatoa moshi, wenzake walimkemea mlangoni: “Rudisha hiyo nje, unataka kumaliza watoto?” Kila mtu alijua kwamba jiko huua. Walichojua ni kwamba kinachoua ni moshi, na moshi ukiisha, basi.

Mimi raha yangu ilikuwa kukaa chini ya meza ya mashine na kutengeneza vitabu. Mama Hodan, mwenye duka la kona, alinipa karatasi za kaki zilizofungiwa sukari, na kadibodi za sabuni. Nilizikata, nikazikunja, nikazishona mgongoni kwa mabaki ya uzi wa sweta, kwa hiyo ungeweza kutambua shule kwa rangi ya kitabu changu. Ndani niliandika hadithi. Shujaa wangu alikuwa jitu moja lisilopata blanketi la kulitosha. Mama alisikiliza huku mkono wake ukienda na kurudi, akasema jitu hilo lisije likapeleka oda kwake.

Jumamosi niliruhusiwa kwenda maktaba ya mjini, au laibrari, kama tulivyoiita. Niliipenda kupita kiasi. Mlangoni unavua gambuti, unaonyesha viganja vyako kwa Madam Chebet, aliyekuwa mkutubi, naye anavigeuza huku na huku kama anayenunua viazi. Ukipita mtihani wa matope, unaingia kwenye harufu ya vitabu na nta ya sakafu, na kimya ambacho hakikuwapo popote pengine katika maisha yangu. Rafu ya watoto niliimaliza mapema. Nikahamia ya watu wazima, na Madam Chebet akajifanya haoni.

Huko ndiko nilikokikuta. Kilikuwa kijitabu chembamba cha afya, chenye picha ya familia iliyolala, baba, mama na watoto, wamejipanga vizuri chini ya blanketi moja. Katikati ya chumba palikuwa na jiko la makaa kama letu. Nilidhani ni picha ya watu waliopumzika. Nikasoma maneno ya chini. Yalisema kwamba makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kwamba wale watu hawakuwa wamelala.

Niliogopa. Sina neno la kupamba hapo. Nikakaa pale nimeshikilia rafu. Hewa isiyo na harufu! Utaikimbiaje? Madam Chebet alikuja kuniuliza kama naumwa, nikamwonyesha picha. Nikamuuliza kama ni kweli hata makaa yakiwa hayana moshi. Hakunicheka. Alichuchumaa akaniambia, “Ni kweli. Hata bila moshi. Mtu akianza kuumwa na kichwa, akishikwa na usingizi ambao si wake, mtoe nje mara moja.”

Nilimwambia Mama jioni hiyo. Alikuwa anapima mkono wa sweta kwenye mkono wangu.

“Mama, jiko linaua.”

“Jiko ya moshi ndiyo inaua,” akasema. “Hii imeshika. Unaona moshi?”

“Kitabu kimesema hata bila moshi.”

“Hicho kitabu kimewahi kukaa Eldoret mwezi wa saba?”

Akacheka, akawaambia majirani, nao wakacheka. Wakaniita mtoto wa laibrari. Kuanzia siku hiyo sikuwa na amani. Nilikaa chini ya meza bila kushona chochote, nasikiliza Simiyu anavyopumua. Akikohoa nashukuru, maana anayekohoa yuko hai. Kila Mama alipotoka kuchota maji niliuchomoa mfuko mmoja wa dirisha, naye akirudi aliurudisha. Mwishoni uvumilivu ukamwisha. Sweta ya mtu ilikuwa imeharibika kwa baridi, na alikuwa amekaa usiku kuifumua. Akaniambia kwa sauti ya chini, ile ambayo watoto wote wanaijua: “Nekesa, ukigusa hilo dirisha tena, laibrari utaisikia kwa wengine.”

Nikaacha kuligusa. Lakini nilikuwa nimeona kitu ambacho yeye hakukitilia maanani. Siku hizo Mama alikuwa anajifunga kitambaa kichwani, amekikaza sana. Kichwa kilikuwa kinamuuma kila alasiri. Alisema ni vumbi la nyuzi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda laibrari kwa sababu Mama mwenyewe alinifukuza, alisema nakaa ndani namkodolea macho kama askari. Oda zilikuwa nyingi, hata akawa ameazima jiko kubwa la kuchomea chapati la jirani. Nilisoma ukurasa mmoja mara nyingi bila kujua umesema nini. Alasiri mbingu ikawa nyeusi, Madam Chebet akawasha taa, na mvua ya mawe ikaanguka. Watoto wengine walikimbilia madirishani kushangilia. Mimi niliona mikono ya Mama ikiongeza mifuko dirishani, ikitandika blanketi chini ya mlango juu ya lile gunia, ikivuta pazia. Niliona kama niko pale. Nikavaa gambuti. Madam Chebet aliniita, akasema ngoja inyamaze, nami nilikuwa nimeshatoka.

Yale mawe yalinipiga masikioni na shingoni. Mjini watu walikuwa wamejibanza kwenye veranda za maduka, wakaniita wewe mtoto, wewe mtoto. Nilikimbia huku nikiomba kitu kimoja tu, nisikie mashine. Nilipoingia getini mvua ilikuwa inapungua. Uani palikuwa peupe pe. Nikasimama nisikilize. Mabati yalikuwa yanadondosha maji. Mashine ilikuwa kimya.

Mlango ulikuwa mzito kwa sababu ya blanketi lililosukumwa chini yake. Nikausukuma kwa bega. Ndani palikuwa na joto zuri, joto tamu kabisa, na hapakuwa na moshi hata kidogo. Mama alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, Simiyu amefungwa mgongoni kwake kichwa kimelala upande. Mama yangu hakuwahi kulala mchana, hata akiwa na malaria. Nikamwita. Nikamwita tena. Akafungua macho kidogo, akanitazama kama mtu anayenitazama kutoka mbali, na ulimi wake ukiwa mzito akasema, “Funga mlango. Baridi inaingia.”

Sikiliza, mimi nilikuwa mtoto wa kutii. Mama akisema funga mlango, mlango unafungwa. Nilisimama pale nimeushika, baridi mgongoni na lile joto usoni, na mkono wangu ukaanza kuuvuta. Nikiwaza siku ile, si mvua inayonitetemesha. Ni ule mkono. Kisha nikakiona kichwa cha Simiyu kikiyumba Mama alipopumua, na mtoto mwenyewe hakushtuka. Nikauachilia mlango ukafunguka wazi, nikapiga ukelele uliomtoa Mama Hodan dukani bila viatu.

Mama Hodan hakuuliza swali. Alimshika Mama kwapani, akamburuta hadi verandani, pale penye barafu ya mvua, akakata leso kwa meno na kumtoa Simiyu. Mama alianza kutapika, na kutapika kwake kukawa kama habari njema. Lakini Simiyu alikuwa mlegevu. Mama Hodan alimgeuza, akampiga kwenye unyayo, akampulizia usoni, huku midomo yake ikisoma dua. Majirani walikuwa wamejaa. Nilichota barafu kutoka chini nikamwekea mtoto kifuani, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Akakunja uso. Akavuta pumzi kwa kwikwi, akalia kilio chembamba cha hasira. Mama Hodan akakaa chini palepale kwenye maji.

Walilazwa hospitalini, wakawekewa hewa safi, wakarudi nyumbani wazima. Majirani walitoa mifuko ya madirisha bila kuambiwa. Mama akajifumia glavu zisizo na vidole, akafanya kazi dirisha likiwa wazi. Lakini kuhusu siku ile hakusema chochote, si asante, si pole. Aliwaambia watu kwamba alizidiwa na usingizi. Nilingoja aseme, nikachoka kungoja.

Badala yake alianza jambo lililonikera. Kila niliporudi, kabla sijagusa mlango, alinisikia nikikanyaga verandani, naye akapaza sauti kutoka ndani: “Niko macho, Nekesa.” Jumamosi nikitoka laibrari, niko macho. Jioni nikitoka shule, niko macho. Nilidhani ananicheka kwa uoga wangu, kama majirani walivyonicheka. Nilipofika sekondari nikija na marafiki niliona aibu mpaka nikamwomba aache. Akaitikia sawa. Siku iliyofuata, kabla sijafika mlangoni, akasema niko macho.

Sasa Mama anaishi Yamumbi, nje kidogo ya mji, na Simiyu, ambaye ni mwanamume mwenye ndevu. Mimi huenda kumwona Jumamosi alasiri. Masikio yake yamechoka, hasikii tena nyayo za mtu, hata ukigonga inabidi ugonge kama polisi. Jumamosi iliyopita Simiyu, ambaye ndiye hunifungulia, hakuwapo. Nilifika kwa mvua nyepesi, nikakuta mlango umefungwa, nikanyoosha mkono nibishe, na kama kila mara, katika umri wangu huu wote, nikaogopa.

Ndani nilisikia sauti yake. Alikuwa peke yake, na hakuwa na njia ya kujua kama nimefika. “Niko macho, Nekesa,” akasema. Nikasubiri. Kukapita kitambo, kikombe kikawekwa mezani, halafu akarudia palepale, kwa sauti ileile ya kuelekea mlangoni. Nikaelewa kwamba kwa kuwa hanisikii tena nikija, alasiri yote ya Jumamosi husema mara kwa mara, ili wakati wowote nitakapofika nisisimame pale kwenye kimya hata kidogo.