Ubao wa Mama Ngoie

Kuna asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu. Mji wetu ulikuwa ukiitwa bado Élisabethville. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimeoa karibuni, fundi seremala katika atelye, yaani karakana, ya Mzee Monga kule cité, mtaa wetu Waafrika. Mikono yangu ilikuwa myepesi, na mbaya zaidi nilijua kwamba ni myepesi.

Aliingia mjane mmoja, Mama Ngoie, amebeba kipande cha ubao kilichofungwa ndani ya kitenge. Mume wake alikuwa mtu wa upande wa Kongolo. Alitengeneza mashua za mto Lualaba kabla ya kazi ya reli kumleta huku, na huku ndiko alikofia, akaacha binti mmoja ambaye bado alikuwa mdogo. Sasa binti yule alikuwa anaolewa, anahamia Kipushi.

"Baba Monga," mama alisema, "hii mbao inatoka ku mashua bwana yangu alitengeneza yeye mwenyewe. Ingine yote ilioza. Munitengenezee mashua kidogo, mutoto aende nayo. Lakini musipake rangi. Mbao ibakie vile iko."

Mzee akanipa mimi ile kazi ya kuunda mashua ndogo ya pambo.

Ulikuwa ubao wa mulombwa, mwekundu wa kahawia, mti ambao ukiupasua atelye nzima inanukia. Palikuwa na tundu moja la msumari, na kutu ilikuwa imechora duara jeusi kulizunguka. Mimi niliona ni uchafu tu. Niliupasua ubao vipande vyembamba, nikavikunja kwa maji ya moto, nikavigandisha kimoja kimoja juu ya mbavu za mashua. Umbo lilitoka zuri, sitasema uongo. Hata Mzee alilitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akasema, "Sasa kazi njo inaanza," yaani ndiyo kwanza inaanza.

Sikumsikia. Nilidhani mashua imekwisha. Lile tundu nililiziba kwa vumbi la mbao na gundi, nikaisawazisha gundi kwa kidole, ikaenea pembeni. Nikasugua kwa msasa mkali, tena kwa kukatisha nyuzi za mbao, kwa sababu hivyo inakwenda haraka. Nilipopaka mafuta ya kitani, mwanangu, aibu yote ikatoka nje. Penye gundi mafuta hayakuingia, pakabaki madoa meupe kama ukurutu. Mikwaruzo ya msasa ikaonekana yote. Mzee alikuwa ameenda kwenye mazishi, harudi hadi kesho yake. Nikafanya nini? Nikachukua verni nyeusi, ile rangi ya kung'arishia makabati, nikaipaka mashua yote mara mbili. Ikang'aa. Nikajisifu.

Mama Ngoie alikuja kabla Mzee hajapata nafasi ya kuitazama. Aliishika ile mashua, akaigeuza, akapitisha kidole ubavuni, akaigeuza tena. Alikuwa anatafuta kitu. Kisha akaiweka juu ya meza polepole.

"Hii haiko mbao yangu," alisema.

"Iko yako, mama. Miye mwenyewe nalipasua."

"Mbao yangu mulipeleka wapi?" Hakupaza sauti. Machozi yalikuwa yanamshuka tu. "Mutoto yangu, kama muliuzisha, museme. Nisiweke kintu ya uongo mu nyumba ya binti yangu."

Ningemwonyesha nini? Ushahidi wangu wote nilikuwa nimeufunika kwa mikono yangu mwenyewe. Aliondoka bila ile mashua.

Mzee Monga alikuwa amesikia yote, akaja akaikagua ile mashua. Nilitegemea matusi, lakini hakuwa mtu wa matusi. "Weye hauko mwizi," aliniambia. "Lakini ulifanya yote mwizi anafanyaka. Ulificha. Sasa beba mashua, uende ku nyumba yake, utoshe verni mbele ya macho yake. Hapa usiiguse."

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda na mashua, vipande vya kioo vya kukwangulia, msasa laini na kichupa cha mafuta. Nilimweleza Mama Ngoie kila kitu, gundi, msasa, verni, bila kujipunguzia kosa. Alinionyesha kigoda uani, akakaa mbele yangu. Binti yake alisimama mlangoni, amekunja mikono.

Verni haitoki kwa nguvu. Ukikandamiza kioo, unachimba. Nilikwangua kidogo kidogo, nikifuata nyuzi, jasho likinitoka, macho mawili ya mjane yakiwa juu ya vidole vyangu. Saa nzima ilipita kabla wekundu haujaanza kuonekana. Nikafika ubavuni. Nikakwangua gundi, nikazibua tundu kwa ncha ya kisu, na lile duara jeusi likarudi.

Mama aliinuka, akaweka kidole juu yake.

"Njo hapa," alisema. "Ile siku alipiga musumari hii, alijipiga kidole. Alitukana, kiisha akacheka, sababu padri alikuwa anapita." Na yeye mwenyewe akacheka. Akamvuta binti yake kwa mkono. "Kuja, gusa. Baba yako alikuwa hapa."

Yule binti hakuwa na kumbukumbu ya baba yake hata moja. Aliinama, akagusa, na mimi nikatazama pembeni.

Nilirudi pale Jumapili tatu. Nililowesha mbao ili nyuzi zisimame, nikaiacha ikauke, nikasugua tena kwa msasa laini. Nikapaka mafuta kidogo kwa kitambaa, nikafuta, nikangoja yaingie, nikapaka tena. Karibu na mkuku, ule uti wa chini wa mashua, palibaki doa moja la gundi ambalo halikutoka. Nilimwonyesha mama, na safari ile sikulificha. Akaipokea mashua, na binti akaenda nayo Kipushi.

Nimekuambia haya, mwanangu, kwa sababu juzi nilikuona kwenye atelye yako pale Kampemba ukipaka verni juu ya kiti ambacho hujamaliza kukisugua. Sikutaka kukusemesha mbele ya wateja. Kuacha mbao ionekane ilivyo kunataka kazi nyingi kuliko kuifunika, kwa hiyo safisha gundi ingali mbichi, fuata nyuzi, wala usiharakishe mafuta. Ukiona alama kwenye kitu cha mtu, muulize mwenyewe kabla ya kuifuta. Na siku utakapokosea, maana utakosea, nenda kwake mapema, ukafunue kosa lako mbele yake. Itakuuma, lakini ataweza kukuamini tena.

Mungu aibariki mikono yako, akupe subira ambayo mimi niliipata kwa kuchelewa. Watu wakuletee vitu vyao vya thamani, na warudi navyo nyumbani wakiwa na furaha.