Alinisimamisha Mbele ya Soko

Mihogo yangu niliikuta ku njia. Haikuanguka, ilitupwa. Mbuzi zilikuwa zinakula, pikipiki ilikuwa imepita juu yake, na ile yenye ilikuwa imeanza kulainika ilishikana na udongo mpaka huwezi kuitenganisha. Chini, ku mto, bamama balikuwa mu maji mpaka ku magoti, bote bamenipa mugongo. Asubuhi pale ku mto huwa ni makelele, huyu anacheka, huyu anasema mambo ya bwana yake. Ile siku nilisikia maji tu.

Nikauliza: «Nani alitosha mihogo yangu mu shimo akaitupa?»

Balizidi kumenya mihogo yao. Nikauliza tena, na nguvu. Ndipo jirani yangu, mwenye lupango yake, kiwanja ya nyumba, inapakana na yangu, mwenye alizaa mutoto wake wa mwisho mu mikono yangu, na ananiitaka yaya, dada mukubwa, akasema bila kugeuka:

«Tuliitosha, yaya. Maji ni ya bantu bote.»

«Na mimi si muntu?»

Mama mumoja kijana akacheka. «We iko muntu, mama. Lakini Prezida wa komite alisema yeye mwenyewe, tulisikia bote. Na sisi tuko na batoto ba kulisha.»

Niliinama nikafukuza mbuzi. Sijue juu ya nini nilifukuza mbuzi. Ile mihogo ilikuwa imekwisha.

Lazima nieleze ile mambo ya shimo, juu bantu ba mbali habataelewa. Kwetu Baraka, muhogo ya uchungu hauiokoti mu shamba ukaipika. Unailowesha mu shimo yenye tulichimba kando ya mto, mpaka inalainika. Unaimenya, unaianika, unaitwanga, ndiyo unapata bunga ya bugali. Kila mama iko na shimo yake. Yangu aliniachia mama mukwe wangu, na mi nimelisha batoto bangu na ile shimo, nikiuza bunga. Na ukitaka mihogo mupya ilainike mbio, unaomba kwa jirani kipande ya ile yenye imekwisha kulainika, unaitupa katikati, inaamsha ingine. Hakuna mama ananyimaka mwenzake ile kipande. Bale bale benye balinipa mugongo, miaka yote balianzishaka mihogo yao na kipande yangu. Bugali yenye banakula mu nyumba zao ilipita ku mikono yangu. Nani aliumwa? Bataje mumoja.

Sasa nirudi nyuma.

Ile jambo ya kwanza nitaisema mbio, juu si yenyewe inanifanya nizunguke mu lupango kama kuku inatafuta pa kutaga. Nilikuwa natoka shamba na kitunga ku mugongo. Banaume ba bunduki balinikamata. Balikuwa ba kundi gani, kila muntu mu Fizi iko na jibu yake. Mi sina, nilikuwa naangalia chini. Bwana yangu aliposikia, alikaa kidogo, kisha akapanda mashua ya Kalemie na hakurudi. Huyo namutaja, alinikimbia kama ni mi nilibeba bunduki. Nyuma ya ile, ku santre ya afya, mama muganga alinipima, akafunga mulango, akaniambia niko na VIH, virusi ya SIDA, ile UKIMWI. Alinipa dawa. Nilizimeza, ninazimeza mpaka leo, na mwili wangu ukarudi. Tulikuwa bantu babili benye balijua, mimi na yeye, na yeye hakufungua mudomo hata siku moja, hata tukikutana ku soko ananiuliza tu bei ya bunga.

Basi komite ikakuja mu kartie, mu mutaa yetu. Komite ya kupiganisha mateso ya banamuke, na kuambia bantu basitenge bagonjwa ba SIDA. Kazi nzuri, sisemi hapana. Prezida wake ni mubaba wa sauti kubwa, alikuwaka mwalimu, anaongoza kwaya. Alikuja kwangu, akakaa ku kiti yangu ya kupikia, magoti yake karibu inagusa kidevu.

«Mama, tunatafuta bamama benye balipita mu magumu. Hautasema kitu. Utavaa kikwembe, kitenge ya komite, utakaa nyuma, utaimba na benzako.»

«Mi sijue kuimba, papa.»

«Basi utafungua mudomo tu, bengine bataimba.»

Tulicheka. Nilimupa na maji ya kunywa.

Balitufundisha mu chumba moja ya kanisa, tumekaa duara. Prezida akasema: yenye inasemwa hapa inabaki hapa. Akatuambia tunyanyue mikono tuape, na yeye akanyanyua ya kwake. Bamama balianza kusema. Mumoja alilia, mwingine akamushika. Ilipofika kwangu, nikasema. Nilisema yote, ile ya njia na ile ya santre. Hakuna mwenye alisogeza kiti yake. Nilitoka pale nikitembea mbio, mwepesi, nikanunua na mandazi ya batoto.

Kisha ikafika siku ya kutembea. Ngoma mbele, bendera ya kitambaa, sisi nyuma na bikwembe mupya yenye imeandikwa maneno yenye sijue kusoma vizuri, juu nilifika tu darasa ya tatu primeri. Bageni balikuwa bamekuja na gari ya jipu. Tulipofika ku soko, Prezida akapanda juu ya meza ya mama wa samaki, akisukuma ndagala na kiatu.

«We Prezida!» yule mama akapiga kelele. «Ndagala yangu si kapeti!»

Bantu bakacheka, na yeye akacheka, akashika megafone. Alisema vizuri, sitadanganya. Kisha akanitafuta na macho.

«Mama, kuja. Kuja mbele, usiogope.»

Nilifikiri anataka nishike bendera.

«Huyu mama munamujua, anawauzia bunga. Balimukamata ku nguvu ku njia ya shamba. Iko na VIH. Mumuangalie! Iko na nguvu, iko na mafuta ku mwili! Musimukimbie!»

Bageni bakapiga makofi. Telefone zikanyanyuliwa, nyingi. Na ba komite, benye tulinyanyua mikono pamoja, nabo bakapiga makofi. Mi nilisimama. Mudomo wangu ulikuwa unacheka, sijue juu ya nini, mudomo unafanyaka vile peke yake. Nilimuona jirani yangu kati ya bantu, na kitunga ku kichwa. Aligeuka akaenda.

Asubuhi yake ndiyo nilikuta mihogo ku njia.

Kutoka pale ku mto nilienda sawasawa kwa Prezida, miguu bado na matope. Alikuwa anakula sombe, majani ya muhogo, na bugali.

«Karibu, mama. Nawa mikono tule.»

«Balitupa mihogo yangu.»

«Nani?»

«Benye uliambia basinikimbie.»

Aliacha kula. Akatikisa kichwa, na huruma kabisa, ile huruma ya ku kanisa. «Bantu bangali na ujinga, mama. Lakini tulia. Ile yako ilikuwa ushuhuda. Unajua bantu bengi balienda kupima jana ileile juu yako? Ungefurahi.»

«Uliniomba lini?»

«Kuomba nini?»

«Kunisema.»

Aliangalia bugali yake. Kisha uso ukafunguka, akapata dawa. «Tutafanya hivi. Tutashuka na komite ku mto, na ngoma, tufundishe bale bamama palepale. Na we utasimama...»

Nilitoka. Kama ningebaki, ningemwaga ile sombe.

Sikatai, bantu balienda kupima. Mama muganga mwenyewe aliniambia, na alisema ni vizuri, na macho yake ilikuwa inanikimbia. Labda kuna mutoto wa muntu atapona juu mi nilisimama ku soko. Nalijua hilo na halinitulizi. Kama angeniomba, labda ningekubali, labda ningekataa. Sitajua tena ningesema nini, juu alisema kabla yangu.

Tangu pale nalowesha nyumbani, mu futu, pipa ya zamani ya mafuta. Nachota maji na bido, dumu ya plastiki, napanda, nashuka. Mihogo inachelewa, hakuna mwenye ananipa kipande. Majirani banasema harufu. Jirani yangu alikuja ku ukuta, sauti chini: «Yaya, mi peke yangu sina shida na we. Ni bwana yangu.» Nikamuuliza kama bwana yake ndiye anashukaka mu mto kumenya mihogo. Akaenda.

Mama mumoja Murundi, mukimbizi wa Lusenda, mwenye ananunuaka bunga yangu kuuza kule kambini, yeye hakuacha kuja. Bamama ba hapa balimuambia. Akacheka, akafunga gunia yake.

«Mimi nanunua bunga, dada. Damu yako sikuomba.»

Nikataka kumukumbatia. Kisha akaongeza, na roho nzuri kabisa: «Na kule habakujue. Nikiulizwa, nasema ni bunga ya mama mwingine.»

Basi bunga yangu inaenda Lusenda na mama mwingine mwenye hayuko. Nikikaa chini nafikiri ile, kwa hiyo sikai. Nafagia lupango yenye imekwisha kufagiliwa. Nashuka njia ya mto nusu, narudi.

Juzi nikapita karibu na kanisa. Prezida alikuwa ku mulango na musichana mumoja, bado mudogo, na kikwembe ya komite mupya, bado ngumu, haijafuliwa. Huyo musichana namujua, na yenye ilimupata karibu na kisima naijua, kama vile bote tunaijua na tunanyamaza. Nilisikia Prezida anamuambia: «Hautasema kitu. Utakaa nyuma tu.»

Miguu yangu ilikataa kwenda mbele na ikakataa kurudi.

Sasa nasema wazi. Bale ba bunduki sijue sura yao. Nikitaka bajibu, nitapiga kelele ku mulima. Lakini Prezida wa komite ya kartie yetu namujua, najua mulango yake na saa yenye anakula. Na ba komite benye balinyanyua mikono mu duara na kisha bakapiga makofi ku soko, namujua kila mumoja, na bo banajijua. Sitaki ngoma. Sitaki ushuhuda. Kabla yule musichana hajatembea hatua moja nyuma ya bendera yenu, mubaba Prezida, ukuje mu chumba ileile ya kanisa, mbele ya bamama bote na mbele yake, unijibu: nani alikupa ruhusa ya kunisema? Ujibu yeye akisikia. Na kama hauna jibu, umuvue ile kikwembe umuache aende kwao.