Gari Lilipoacha Kulalamika

Baba yangu aliendesha pikapu yake kwa masikio. Macho aliwaachia ng'ombe wanaovuka barabara na baiskeli zilizosheheni magunia; habari za gari lenyewe alizipata kwa kusikiliza. Tukiwa njiani kutoka Michenga kwenda Ifakara angeinua kidole ghafla ili tunyamaze, akainamisha kichwa kidogo, kisha akatoa hukumu. "Bushi ya kushoto." Au, "Mkanda wa feni umelegea." Mimi nilisikia makelele tu, kama mtu aliyefungiwa kwenye debe la misumari. Tukifika mjini, fundi wake angeingia uvunguni, akatoka akijifuta mikono, akasema mzee yuko sahihi.

Alilinunua gari hilo likiwa limeshawatumikia watu wengine maisha yao yote. Muuzaji alimwonyesha kwa fahari mita ya kilomita, na kweli namba zilikuwa ndogo, za gari la mtu anayekwenda kanisani Jumapili na kurudi. Baba hakuzitazama mara mbili. Alitazama pedali ya klachi, ambayo mpira wake ulikuwa umelika mpaka chuma kinang'aa, na kiti cha dereva kilichobonyea upande mmoja. "Mita inaweza kudanganya," akamwambia yule bwana, "kiti hakiwezi." Kisha akalichukua hivyo hivyo. Mama alipomuuliza kwa nini amenunua kitu alichojua ni kichovu, alijibu kwamba uchovu unaojulikana ni nusu ya tiba. Ndivyo alivyo baba yangu: hashindwi neno.

Mwaka wa kwanza liliunguza gasketi. Kosa lilikuwa letu sote wa bonde hili, maana huwa tunaegesha magari palepale kwenye mashine za kukoboa mpunga, pua ikitazama bomba linalotema pumba, tukinywa chai huku rejeta inajaa vumbi la pumba kwenye mapezi yake yote. Wapo waliomshauri aing'oe thamostati na kuitupa, kwani nchi yenyewe ina joto, chombo cha kupasha injini cha kazi gani? Aling'oa. Gari likawa asubuhi linakunywa mafuta kama halina akili na mchana linachemka vilevile. Akairudisha. Tangu hapo, kila Jumamosi ya mavuno aliiosha rejeta kwa maji ya mpira, kutoka upande wa injini kuja mbele, akisema uchafu hutoka kwa mlango ulioingilia.

Mengine hatukuyatibu, tuliyazoea. Liliwaka kwa kusukumwa kila stata ilipokataa, kwa hiyo lililala kwenye mwinuko nyuma ya ghala. Springi ziliongezwa mpaka likawa gumu kama benchi la shule. Kipini cha kushushia vioo kilikuwa kimoja kwa milango miwili, na mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu, hivyo aliyekaa mbele akitaka kushuka ilibidi aombe kipini kwa dereva, ashushe kioo, atoe mkono, ajifungulie. Nimewahi kumwona katekista wetu akifanya kazi hiyo yote akiwa na kanzu. Nililipenda gari lile. Nililitukana kila wiki na nililipenda, maana lilibeba mbegu zetu, wagonjwa wetu na maharusi wetu, na liliponiacha stendi ya Ifakara siku ya kwanza niliyokwenda chuo cha ualimu, baba alizima injini ili niondoke bila moshi kwenye shati jeupe, ingawa alijua kuliwasha tena ni shughuli.

Sasa ninafundisha shule ya msingi mjini, na Jumamosi huwa ninakwenda nyumbani. Jumamosi moja ya wakati wa palizi nilimkuta baba akilifuta vumbi gari huku amechangamka.

"Mwanangu," akasema, "gari limepona."

"Limepona nini, baba?"

"Lote. Haligongi, halipigi miluzi. Fundi amenipatia grisi nzuri sana safari hii. Limetulia kama jipya."

Nilipanda mbele, akaliacha liteleze kwenye mwinuko, likawaka. Mungu wangu. Bushi ziligonga, bodi ilitetemeka, mkanda ulilia, na kutoka gurudumu la nyuma la kushoto ilipanda sauti nyembamba ya kuvuma, iliyokua kadiri tulivyoongeza mwendo. Nilimgeukia baba. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, anatabasamu kidogo, mkono mmoja juu ya usukani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba gari halijapona kitu. Baba ndiye aliyekuwa hasikii tena.

Nilifunga mdomo. Na mimi ni mtu wa mdomo. Wanafunzi wangu wanajua, na mkuu wangu wa shule anajua zaidi.

Kumbe nilikuwa wa mwisho kugundua. Kwetu abiria wa nyuma akitaka kushuka hugonga bodi kwa kiganja. Siku ile mama mmoja wa Kisukuma tuliyempakia njiani, mwenye madumu mawili ya maziwa, aligonga alipofika njia panda yake. Baba akapita. Aligonga tena, baba akapita zaidi, mpaka tuliposimama kupisha kundi la ng'ombe. Akashuka taratibu, akaja dirishani akasema, "Asante, babu, ubarikiwe," akajitwisha dumu moja, akashika lingine, akaanza kurudi alikotoka. Nilijifungulia mlango kwa ule utaratibu wetu mrefu nikamfuata.

"Mama, kwa nini usimwambie kwamba amekupitisha?"

"Nitamwambiaje mzee wa watu kwamba hasikii?" akaniuliza. "Kutembea si kazi, mwalimu."

Wengine walikuwa wameshapata akili. Bila kikao wala mwenyekiti, abiria wa Michenga walikubaliana kwamba anayeshuka apunge kanga pembeni, pale inapoonekana kwenye kioo cha dereva. Baba aliiona kanga, akasimama. Aliniambia mwenyewe kwa furaha kwamba siku hizi watu wamestaarabika, hawalipigi tena gari la mtu makofi. Niliangalia mashamba ya watu ili nisicheke, kisha nikajikuta machozi yananilenga.

Lakini kanga haiwezi kumwambia mtu habari za beringi. Ile sauti ya gurudumu la nyuma ilikuwa beringi inayokwisha, na hata mimi, mwalimu wa Kiswahili na Maarifa ya Jamii, nilijua mwisho wake: inakwama au gurudumu linachomoka, na juu ya magunia wamekaa watu. Nilikwenda kwa fundi mjini.

"Nimemwambia, mwalimu," akasema, macho yakiwa kwenye spana. "Akanijibu mbona hailii? Nikisema mara ya pili ataona namtafutia ubovu ili nipate kazi. Yule ndiye aliyenifundisha mimi kusikiliza gari."

"Basi mwambie kwamba hasikii."

"Wewe ndiye mtoto."

Nilikwenda kwa mama. Mama yeye alikuwa ameshaacha kumwita. Akimtaka humfuata alipo akamgusa bega, ndipo amwambie uso kwa uso, kwani baba alishaanza kusoma midomo bila kujua. Aliniambia nisithubutu. "Mtu akiambiwa amezeeka, anazeeka siku hiyohiyo," akasema. "Akijua hasikii, ataliacha gari. Akiliacha gari, atakaa pale kibarazani na kunitazama. Unataka hivyo?"

Sikutaka hivyo. Wala sikutaka watu wafe. Wiki kwa wiki nilifika na hotuba yangu nimeipanga tangu Ifakara, aya ya kwanza mpaka ya mwisho, na kila nilipomwona akija kunipokea niliishia kusema shikamoo baba, naye akanijibu marahaba kwa ile sauti kubwa aliyokuwa ameanza kuitumia bila kujua. Huo ulikuwa woga, na niliuvika nguo za heshima ili uonekane vizuri.

Mavuno yakafika. Jumamosi moja asubuhi tulitoka na shehena ya mpunga kwenda mashineni, wanawake wanne wakiwa juu ya magunia, mimi mbele na baba. Tulikuwa tumeshapita nyumba za mwisho za kijiji wakati ile sauti ya kuvuma ilipobadilika ikawa ya kusaga, chuma kwa chuma, na harufu ya grisi inayoungua ikaingia dirishani. Wanawake waligonga bodi kwa viganja, kisha kwa ngumi. Kanga mbili zikapungwa kwa pamoja upande wa baba, lakini baba alikuwa anakwepa shimo, hakutazama kioo.

Nilinyoosha mkono nikauzungusha ufunguo. Injini ikazima.

Gari lilijivuta hatua chache likasimama limeinama upande wa nyuma. Hakuna mtu aliyewahi kugusa ufunguo wa baba yangu gari likiwa linatembea, hata mama. Alinigeukia kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona tangu nilipokuwa darasa la nne. Nilimwonyesha kidole nyuma, kwenye moshi.

Alishuka. Mimi nilipojifungulia na kufika, alikuwa ameshachuchumaa, amemwagia kitovu cha gurudumu maji ya kunywa, na maji yakachemka yote. Alisubiri kidogo, akalishika tairi juu na chini kwa mikono miwili akalitikisa. Lilicheza kama jino la mtoto. Kisha akainua uso akawatazama wale wanawake mmoja mmoja, wote wanne. Mmoja alikuwa mjamzito. Niliona midomo ya baba ikitikisika alivyowahesabu.

Akasimama akaja mbele yangu, karibu kabisa, anatazama mdomo wangu.

"Lilikuwa linalia?"

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu palizi."

"Nanyi mnasikia? Wote?"

Nyuma yake wanawake walianza kukunja kanga zao kwa bidii, kanga ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

"Wote tunasikia, baba," nikasema. "Gari halikupona. Ni masikio yako. Nilipaswa kukuambia siku ile ile, nikaogopa. Nisamehe."

Nilingoja anifokee. Ningefurahi kama angenifokea. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, akavua kofia, akaiweka gotini. Nikafikiri mama alisema kweli, ndiyo anazeeka hivi, mbele ya macho yangu, na ni mimi niliyemzeesha.

"Mama yako," akasema mwishoni, "alikuwa akiimba akipepeta mchele."

Sikuelewa anakokwenda. Mama huimba kila siku nyimbo za kwaya, kwa sauti ya chini, ameinamia ungo wake.

"Anaimba," nikasema.

"Bado?"

"Leo asubuhi ameimba, baba. Ulikuwa umekaa pale pale, unafunga magunia."

Alinitazama mdomo ili ahakikishe, nami nikarudia polepole. Aliitazama barabara tuliyotoka.

"Nilidhani ameacha," akasema. "Nilidhani nimemkosea kitu. Tangu palizi najiuliza nimemfanya nini mke wangu, na sikuthubutu kumuuliza."

Akainuka, akanikabidhi ufunguo. Aliniachia gari bovu, shehena ya mpunga na abiria wanne, akasimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita, akarudi nyumbani.